Mapafu ya mtoto yamekomaa au bado? Kipimo kipi kina maana, na kipi unalipia bure

"Sista, naomba uniangalizie na mapafu, kama yameshakomaa." Vyumba vya utrasaundi vya Arusha na Moshi vinalisikia ombi hili sana, na wanaolitoa hawafanani. Yupo aliyepangiwa oparesheni na anataka isogezwe mbele, kwa sababu mume ana safari au mama mkwe anateremka kutoka Rombo wiki ijayo. Yupo mwenye presha au kisukari ambaye daktari amemwambia huenda mtoto akatolewa kabla ya wakati. Na yupo ambaye uchungu umemkamata wiki ya 31, hana nafasi ya kuchagua chochote. Wote wanauliza jambo moja, ila kinachomfaa kila mmoja ni tofauti, kwa hiyo tuziweke njia zote sambamba tuzilinganishe.

Njia ni nne: utrasaundi ya miezi ya kwanza, utrasaundi ya miezi ya mwisho, na kuvuta maji ya chupa, yale yanayomzunguka mtoto tumboni, ili yapimwe. Ya nne wala si kipimo, ni sindano za kukomaza mapafu ambazo mama huchomwa bila mapafu yenyewe kupimwa. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: kama mfuko unaruhusu utrasaundi moja tu, ifanye mimba ikiwa changa. Ile ya mwezi wa tisa "ya kuangalia mapafu" ndiyo dhaifu kuliko zote kwa swali hili, ingawa ndiyo inayoombwa sana.

Ni kitu gani hasa kinakomaa

Mtoto akiwa tumboni, mapafu yake yamejaa maji. Akizaliwa, vifuko vidogo vya hewa inabidi vifunguke, na visigandamane tena kila anapotoa pumzi. Kinachovizuia kugandamana ni ute wenye mafuta uitwao safaktanti. Mapafu huanza kuutengeneza kwenye wiki ya 24 hivi, ila kwa watoto wengi hautoshi mpaka wiki ya 34 au 35. Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kwamba njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na ute huo. Kujua chanzo hakukuleta dawa mara moja. Agosti 1963 mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na kilo 2.1, akafariki siku mbili baadaye. Kilo 2.1! Siku hizi wodi za njiti za kwetu zinaruhusu kwenda nyumbani watoto wadogo kuliko huyo.

Kuna na suala la yale maji. Uchungu wenyewe unamwandaa mtoto, kwa maana homoni zinazotoka wakati huo huyafanya mapafu yaanze kuyanyonya maji yaliyomo. Anayetolewa kwa oparesheni kabla uchungu haujaanza anakosa maandalizi hayo. Anaweza kuwa na safaktanti ya kutosha na bado akapumua mbiombio siku ya kwanza au ya pili, akahitaji oksijeni, mama akabaki wodini anauliza "si mlisema mapafu yako sawa?" Hakuna picha inayoweza kukuahidi kwamba hilo halitatokea.

Utrasaundi ya mapema: mapafu haiyaoni, ila jibu inalo

Inaonekana kama kichekesho kuisifu. Wiki ya 10 mtoto ana urefu wa sentimita tatu hivi, mapafu hayana sura ya kuangaliwa. Kinachopimwa ni urefu wake kutoka utosini hadi makalioni. Wiki hizo watoto wote hukua kwa mwendo unaokaribiana, awe wa mama mrefu au mfupi, mnene au mwembamba, kwa hiyo urefu huo unatoa umri wa mimba kwa kukosea siku tano hadi saba tu. Ukisubiri mpaka kati ya wiki ya 16 na 21, makosa yanafika siku 10. Wiki ya 22 hadi 27 ni wiki mbili. Kuanzia wiki ya 28 na kuendelea, makosa yanayokubalika ni wiki tatu.

Hizo wiki tatu zitafakari vizuri. Ripoti ya kwanza unayoipata mwezi wa nane ikisema wiki 36, mtoto anaweza kuwa wa wiki 33, au wa 39. Wa 33 akitolewa kesho atahangaika. Wa 39 angezaliwa hata jana na asingehitaji lolote. Karatasi ni ile ile, namba ni ile ile.

Umri una uzito hivyo kwa sababu mapafu hufuata kalenda kuliko yanavyofuata kitu kingine chochote tunachoweza kukipima kwa urahisi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu akina mama waliowahi kujifungua kwa oparesheni na wakapangiwa nyingine. Waliochukuliwa ni wale tu ambao mimba zao zilikuwa zimetimiza. Watoto waliotolewa wiki ya 37, asilimia 15.3 walipata matatizo, ya kupumua yakiwemo. Wiki ya 38 ikawa asilimia 11, na wiki ya 39 asilimia 8. Hao wote kwa lugha ya kliniki "wametimiza". Wiki mbili peke yake zimepunguza matatizo karibu kwa nusu, na hakuna aliyeangalia pafu la mtu.

Kwetu tarehe ya hedhi ya mwisho mara nyingi haisaidii. Mama anakumbuka kwamba aliona mara ya mwisho "kabla ya Pasaka", au alikuwa ananyonyesha na hedhi haijarudi, au ametoka kwenye sindano ya miezi mitatu na mzunguko haujatulia. Utepe wa kupima kimo cha tumbo nao unadanganywa na mapacha, uvimbe kwenye kizazi, au maji mengi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2016, lilipendekeza kila mjamzito apate utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24.

Tatizo la njia hii si mashine. Ni sisi. Mimba changa haitangazwi, na wengi hufika kliniki mara ya kwanza tumbo limeshaonekana, mwezi wa tano huo. Hata hapo bado unapata nusu ya faida, nenda. Na ripoti ukishapewa, ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo: ile karatasi laini inayotoka kwenye mashine hufifia, na ukiifungua miezi sita baadaye unakuta weupe mtupu mahali palipokuwa na tarehe.

Kosa lingine linatokea baadaye, na ni la kawaida mno. Mama ana ripoti ya wiki ya 11 yenye tarehe yake ya matarajio. Mwezi wa nane anapimwa tena, mashine inatoa tarehe nyingine, basi mtu anaandika hiyo mpya kwenye kadi kwa kuwa ni "ya karibuni". Tarehe ya kwanza haifutwi na ya pili. Zikitofautiana, maana yake mtoto ni mkubwa au mdogo kwa umri wake, na hilo ni jambo la kuchunguzwa kwa njia yake. Umri wa mimba unabaki ule ule.

Utrasaundi ya mwisho: dalili nyingi, ushahidi haba

Chukua karatasi ya ripoti ya mwezi wa tisa uisome nami. Juu kuna BPD, HC, AC na FL: upana wa kichwa, mzunguko wa kichwa, mzunguko wa tumbo, urefu wa mfupa wa paja. Chini yake GA, yaani umri ambao mashine imeukadiria kutokana na vipimo hivyo, kisha EDD, yaani tarehe ya matarajio, kisha EFW ambao ni uzito wa kukadiria. Hakuna mstari wa mapafu. Anayekwambia "mapafu yako tayari" amelipata hilo kwa kubahatisha kutoka kwenye dalili nyingine, na ni vizuri uzijue.

Ya kwanza ni kondo la nyuma. Ripoti nyingi huandika daraja lake kwa namba za Kirumi, kuanzia 0 hadi III. Utaratibu huo ulitoka kwa Grannum na wenzake mwaka 1979, na katika utafiti wao wa mwanzo kila kondo la daraja la III lilikuwa la mtoto ambaye mapafu yake yamekomaa. Ilikuwa habari tamu. Waliokuja kurudia kwa akina mama wengi zaidi wakakuta haishiki, kondo linafika daraja la III na mapafu bado. Tena kondo huwahi kuzeeka kwa mama mwenye presha na kwa anayevuta sigara, kwa hiyo dalili inapotosha kwa watu wale wale ambao daktari anataka uhakika wao.

Ya pili ni ukubwa. Zamani kichwa chenye upana wa sentimita 9.2 kilichukuliwa kama cheti cha kukomaa. Hapa ndipo penye mtego mbaya kuliko yote, na unamnasa mama mwenye kisukari. Sukari ya mama ikipanda, mtoto naye anatengeneza insulini nyingi. Insulini hiyo inamnenepesha na papo hapo inachelewesha safaktanti. Unapata mtoto wa kilo 3.8 wiki ya 36, familia nzima inashangilia, mtu anasema huyu ameshakuwa, atolewe. Mwili ni wa wiki 40 na mapafu ni ya nyuma ya umri wake halisi. Mama wa namna hiyo akiambiwa "mtoto ni mkubwa kwa hiyo yuko tayari", ana haki ya kuuliza daktari mwingine.

Ya tatu naipenda kidogo: vituo vya mifupa. Karibu na goti, upande wa paja, hutokea nukta nyeupe ya mfupa unaoanza kuota, kwa kawaida wiki ya 32 au 33. Upande wa chini ya goti inatokea kwenye wiki ya 35 hivi, na juu ya mkono, begani, karibu na wiki ya 38. Hii haisemi lolote kuhusu mapafu, ila kwa mama aliyefika mwisho kabisa bila tarehe yoyote inaongeza kidogo kile tunachokijua kuhusu umri. Mpimaji anayejisumbua kuitafuta anastahili shukrani.

Kuna pia chembechembe nyeupe zinazoelea majini, ambazo huenda ni ule utando mweupe wa ngozi ya mtoto unaobanduka mimba inapokaribia mwisho. Huenda pia ni damu, au choo. Tupite.

Halafu kuna pafu lenyewe. Wazo ni kwamba pafu likikomaa huonekana jeupe zaidi kuliko ini lililo chini yake kwenye picha. Wazo si baya, ila weupe wa picha hutegemea mashine, unene wa tumbo la mama, jinsi mtoto alivyolala, na kitufe cha mwanga. Mpimaji akikizungusha kidogo, pafu "linakomaa" papo hapo mbele ya macho yako.

Watafiti wameliona tatizo hilo, wakaacha kutegemea jicho. Huko Barcelona ilitengenezwa programu iitwayo quantusFLM, inayosoma mpangilio wa nukta ndani ya picha ya kifua cha mtoto, nukta ambazo jicho letu haliwezi kuzitofautisha. Utafiti wake wa vituo vingi ulichapishwa mwaka 2017 ukiwa na picha 730. Ilipotamka kwamba mtoto hatapata shida ya kupumua, ilipatia kwa zaidi ya asilimia 95. Ilipotamka kwamba atapata, ilipatia nusu tu, asilimia 51. Kwa hiyo inaaminika zaidi ikituliza kuliko ikitisha, na hata ikituliza, wengi wa watoto wale wangekuwa salama hata bila kupimwa. Ni mwelekeo mzuri. Huku kwetu si kipimo cha kawaida, na mtu akikutoza pesa ya ziada kwa "utrasaundi ya mapafu" muulize anatumia nini zaidi ya macho yake.

Nisieleweke vibaya. Utrasaundi ya mwisho ina kazi zake, na ni kubwa: mtoto amekaaje, kondo limeziba njia au la, maji yanatosha, anakua au amesimama, damu inapita vizuri kwenye kitovu. Kwa mwenye presha, mtiririko wa damu kwenye kitovu unaweza kuamua siku ya kujifungua kwa nguvu kuliko habari yoyote ya mapafu. Ifanye kwa ajili ya hayo.

Maji ya chupa: kipimo kilichokuwa mfalme

Mwaka 1971, ule ule ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi, Louis Gluck huko California alichapisha njia ya kupima safaktanti moja kwa moja. Mtoto anapumua maji tumboni na kuyatoa, kwa hiyo ute wa mapafu unafika kwenye maji ya chupa. Yanavutwa kwa sindano ndefu kupitia tumbo la mama, utrasaundi ikiongoza, kisha maabara inalinganisha aina mbili za mafuta. Uwiano ukifika 2, mapafu yamekomaa. Mwaka uliofuata John Clements akaja na njia ya maskini: changanya maji hayo na spiriti kwenye kichupa, tikisa, acha kidogo, angalia juu. Povu likisimama pembeni mwa kichupa, safaktanti ipo. Likipotea, haipo. Mashine ya FBP, ile ya picha kamili ya damu, nayo ilikuja kutumika, kwa sababu chembe za safaktanti zina ukubwa unaokaribia wa chembe sahani za damu na mashine inazihesabu bila kujua tofauti: 50,000 kwa maikrolita na kuendelea ni kukomaa, chini ya 15,000 bado.

Kwa usahihi kuhusu safaktanti, njia hii inaishinda utrasaundi ya mwisho bila ubishi. Na bado imeachwa karibu kila mahali. Sindano inaweza kupasua chupa, kuingiza vijidudu au kuleta uchungu, na damu ikiingia kwenye maji kipimo kinaharibika. Lakini kilichoiua hasa ni kwamba haikujibu swali lililokuwa na maana. Watoto waliozaliwa kati ya wiki ya 36 na 38 baada ya kipimo kuonyesha mapafu yamekomaa, walipolinganishwa na waliozaliwa wiki ya 39 na 40, bado walikuwa na matatizo zaidi: sukari kushuka, manjano, kushindwa kunyonya, hata kupumua. Mapafu yalikuwa tayari, mtoto hakuwa tayari. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani sasa hakipendekezi kipimo hiki kitumike kupanga tarehe ya kujifungua. Kama kuna sababu ya kitabibu ya kumtoa mtoto, atolewe hata mapafu yakiwa machanga. Kama sababu haipo, asubiri hata yakiwa yamekomaa.

Mantiki hiyo inaiangukia na utrasaundi ya mapafu, hata ile ya programu. Ndiyo maana siioni ikiwa na kazi kwa mama wa kawaida.

Sindano: usipime, komaza

Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu kwa kondoo, na aliwapa homoni jamii ya steroidi. Mwanakondoo mmoja akazaliwa mapema mno, umri ambao alitakiwa awe amekufa, akakutwa anapumua. Kutoka hapo, yeye na Ross Howie wakawajaribu wanawake 282 waliokuwa wanakaribia kujifungua kabla ya wakati, na mwaka 1972 wakachapisha kwamba watoto wa waliochomwa dawa walipata shida ya kupumua mara chache zaidi.

Dawa ya jamii hiyo inayotumika sana kwetu ni deksamethasoni: miligramu 6 kwenye msuli kila baada ya saa 12, mara nne. Inakamilika kwa siku mbili, na nguvu yake ni kubwa kuanzia saa 24 baada ya kuanza mpaka siku saba. Ni dawa ya bei ndogo. Mwaka 2020 jaribio la Shirika la Afya Duniani lililofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, kwa wanawake 2,852 wa wiki 26 hadi 33, lilikuta vifo vya watoto wachanga vikishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Kwa kila wanawake 25 wanaochomwa, mtoto mmoja zaidi anaishi. Hakuna kipimo cha mapafu duniani chenye rekodi ya namna hiyo.

Ila soma na upande wa pili. Miaka michache kabla ya hapo jaribio lingine, lililohusisha Kenya na Zambia miongoni mwa nchi sita, liliisambaza dawa hiyo hiyo mpaka vituo vya ngazi ya chini, mahali ambapo umri wa mimba ulikisiwa. Wengi waliochomwa hawakuwa na njiti kabisa. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha vifo vya watoto vikiongezeka kwa 3.5 kwa kila wanawake 1,000 waliofikiwa na mpango huo, na maambukizi kwa akina mama yakapanda pia. Dawa haikubadilika. Kilichotofautiana ni kujua wiki, na kuwa na mahali pa kumhudumia njiti akishazaliwa. Kwenye lile jaribio la 2020 umri ulithibitishwa kwa utrasaundi na hospitali zilikuwa na huduma.

Kwa hiyo masharti yamewekwa: mimba iwe kati ya wiki 24 na 34 kwa uhakika, iwe inaelekea kujifungua ndani ya siku saba, mama asiwe na maambukizi, na hospitali iweze kumtunza mtoto. Kwa wiki 34 hadi 36 utafiti wa Marekani wa 2016 ulipata faida kiasi ya kupumua, lakini asilimia 24 ya watoto sukari yao ilishuka, dhidi ya 15 kwa wasiochomwa. Mahali ambapo sukari ya mtoto haipimwi usiku, hiyo si biashara nzuri. Na mama mwenye kisukari akichomwa, sukari yake mwenyewe itapanda siku kadhaa, lazima ifuatiliwe akiwa amelazwa.

Basi wewe uchague nini

Mwenye oparesheni ya kupangwa na hana tatizo lolote, kwako hakuna kipimo cha kununua. Una ripoti ya mapema? Hesabu mpaka wiki ya 39, panga hapo, mama mkwe atakaa wiki mbili zaidi. Huna ripoti ya mapema? Hapo msongamano wa dalili za mwisho hautakuokoa. Jadili na daktari kusubiri uchungu uanze wenyewe ndipo uende, mradi kovu lako la zamani na afya yako vinaruhusu na unakaa karibu na hospitali. Anayekaa Sakina au Majengo anaweza kulifikiria hilo. Anayekaa bondeni Simanjiro mambo ni mengine, na huenda akahitaji kusogea mjini mapema.

Mwenye presha iliyopanda sana au dalili za kifafa cha mimba, usiombe uangaliziwe mapafu. Uliza maswali mawili: mimi na mtoto tuko salama kusubiri siku ngapi, na je, sindano zinaweza kukamilika ndani ya siku hizo? Mwenye kisukari, sukari iliyodhibitiwa vizuri inafanya kazi kubwa kwa mapafu ya mtoto kuliko picha yoyote utakayolipia, na uzito mkubwa usikubali uwe sababu peke yake ya kumtoa wiki ya 36.

Kuna na wale wa Desemba. Watu wanapanda kutoka Dar kuja kula Krismasi Marangu, Kibosho, Machame, na miongoni mwao wamo wenye mimba za wiki 30 na kitu ambao kadi zao zimebaki Mbagala. Uchungu ukianza huku, mkunga atakayekupokea hana pa kuanzia isipokuwa utepe na maneno yako. Picha ya ile ripoti ya kwanza kwenye simu inatosha kumwonyesha kwamba uko wiki ya 32, ndani ya muda wa sindano, badala ya 36 nje ya muda.

Na wewe ambaye chupa imepasuka au uchungu umeanza kabla ya wiki ya 34 ukiwa kwenye kituo cha afya, kubwa kwako ni mahali utakapojifungulia. Njiti anahitaji joto la kifua cha mama kwa njia ya kangaruu, oksijeni, mashine ya kumsaidia kuvuta pumzi, na watu wa kumwangalia usiku kucha. Rufaa ya kwenda Mawenzi, KCMC au Mount Meru uikubali mtoto akiwa bado tumboni, kwa maana hakuna gari linalombeba njiti vizuri kuliko tumbo lako. Kabla hujapandishwa kwenye gari, muulize anayekupa rufaa kama umeshachomwa dozi ya kwanza, ni dawa gani na saa ngapi, na umwombe aiandike kwenye kadi, ili unakofika wasianze upya wala wasiiruke ya pili.